Watoto wa Nguruwe Walioachishwa Ziwa: Habari Zao Tangu Kale Hata Leo

Kila mtu afugaye wanyama ajua ya kuwa katika maisha ya mnyama iko siku moja ngumu kupita nyingine, nayo ni siku ile mtoto atengwapo na mama yake na kuachishwa ziwa. Kwa ndama ni ngumu, na kwa mwana-mbuzi ni ngumu. Walakini kwa mtoto wa nguruwe ni ngumu zaidi, kwa sababu wafugaji wa nchi nyingi humwachisha mapema mno, na siku iyo hiyo humtia katika kundi la wageni asiowajua. Katika habari hizi twataka kueleza jinsi desturi hiyo ilivyoanza katika nchi za Ulaya na Marekani, madhara yaliyofuata, na jinsi watu walivyojitahidi kuyaondoa. Wala asidhani msomaji kwamba ni mambo ya mbali yasiyomhusu, maana moja katika madhara hayo halina mpaka, kama tutakavyoona.

Yafaa kwanza tujue desturi ya nguruwe akiachwa afuate mapenzi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na baada yake, mabwana wawili, Alex Stolba na David Wood-Gush, waliwaweka nguruwe wa kufugwa katika uwanja mpana karibu na Edinburgh, penye miti, vichaka, kijito na matope, wakawatazama kutwa. Wazee wa nguruwe hao kwa vizazi vingi walikuwa wamekaa na watu, walakini wao hawakusahau mambo ya asili yao. Jike alipokaribia kuzaa alijitenga na wenzake, akachimba kishimo, akakusanya majani na vijiti, akajitengenezea kiota. Watoto walikaa kiotani siku kama 10, kisha mama akawaongoza kurudi kundini. Huko walikutana na watoto wengine wangali wadogo sana, wakazoeana pasipo vita vikali. Tena kunyonya hakukukoma kwa siku moja. Mama alipunguza kidogo kidogo, huku watoto wakijifunza kuchimbua mizizi na kula majani; na wengi hawakuacha kabisa mpaka walipotimiza majuma 12, wengine hata 17. Uswidi nako Bwana Per Jensen aliwachungua nguruwe walioachwa huru, akaona mambo yaliyolingana na hayo.

Liko na jambo jingine la ajabu. Kila mtoto wa nguruwe ana chuchu yake. Katika siku za kwanza watoto hushindana kwa meno yao madogo makali, kila mmoja ajipatie mahali. Na akiisha kupapata, pamekuwa pake, na ugomvi hupungua. Mama huwaita kwa kukoroma karibu kila saa, mchana na usiku, na maziwa hutoka kwa muda mfupi mno, kama sekunde 20 tu. Asiyekuwapo mahali pake wakati huo hukosa. Basi mtoto huyo amezoea kuitwa, amezoea chakula cha majimaji chenye moto, amezoea ndugu zake na nafasi yake katikati yao. Siku ya kuachishwa ziwa kwa ghafula, hayo yote hukatika mara moja.

Zamani za kale Wazungu waliwalisha nguruwe mwituni. Wakati wa vuli, matunda ya miti ya mwaloni yalipoanguka, wachungaji waliwapeleka makundi kwa makundi wakale na kunenepa kabla ya baridi. William, mfalme wa Uingereza, alipoamuru mali ya nchi ihesabiwe na kuandikwa mwaka 1086, msitu wa sehemu nyingi ulipimwa kwa hesabu ya nguruwe wawezao kulishwa ndani yake. Kwa hiyo nguruwe wengi kukaa pamoja si jambo geni. Lakini mwituni aliyeshindwa aliweza kukimbia, na aliyefukuzwa penye chakula aliweza kutafuta pengine. Lililo geni ni kukusanya watoto wachanga wengi, wa mama mbalimbali, ndani ya kuta nne.

Je, mabadiliko hayo yalianzaje? Yalianza kwa hesabu. Hata karibu na mwaka 1950 wafugaji wengi wa Uingereza waliwaachisha watoto ziwa wakiwa na majuma 8. Mimba ya nguruwe ni siku kama 115, na jike anyonyeshaye kwa kawaida hataki dume mpaka watoto waondolewe. Akiisha kuondolewa watoto, siku kama 6 humtosha. Basi akinyonyesha siku 56, mzunguko wake wote ni siku 177, ndiyo kusema huzaa mara 2 kwa mwaka na kidogo. Lakini akinyonyesha siku 21 tu, mzunguko ni siku 142, naye huzaa mara 2 na nusu. Mwenye majike 100 hupata mizao kama 50 zaidi kila mwaka, kwa majike wale wale na nyumba ile ile. Hesabu hiyo iliwavuta wengi. Majuma 8 yakawa 6, kisha 5, na baadaye kwa wengi yakawa 3.

Lakini tumbo la mtoto halikujua hesabu hiyo. Ndani ya utumbo wake mna vinyuzi vidogo kama manyoya ya zulia, navyo ndivyo vinavyopokea nguvu ya chakula. Mtoto aliyeachishwa ghafula mara nyingi hukaa siku nzima, hata mbili, bila kula, kwa kuwa hakuna aliyemwita na unga mkavu haujui. Vinyuzi hivyo hufupika. Kisha njaa ikimzidi hula kwa pupa. Chakula kisichosagika hubaki matumboni, na vijidudu viitwavyo koli huzidi kuongezeka. Tena ile kinga iliyokuwa katika maziwa ya mama imekwisha kukatika, na kinga yake mwenyewe haijakomaa. Ndipo huhara, akakauka maji mwilini, na wengine hufa. Ugonjwa huo umekuwa adui mkubwa wa mabanda ya nguruwe katika nchi zote zilizofupisha siku za kunyonya.

Katika miaka iyo hiyo ikapatikana dawa iliyoonekana kuwa ni wokovu wa wafugaji. Huko Marekani, tangu 1948 hata 1950, Bwana Thomas Jukes na Bwana Robert Stokstad waliona kwamba kuku waliolishwa mabaki ya kutengenezea dawa iitwayo aureomycin walikua upesi kuliko wenzao. Dawa hiyo ni katika dawa za kuua vijidudu ziitwazo antibiotiki. Nguruwe walipopewa kidogo kidogo katika chakula chao, nao walikua upesi, na kuhara kukapungua. Serikali ya Marekani ilikubali dawa hizo zichanganywe na chakula cha wanyama mwaka 1951, na Uingereza ikafuata mwaka 1953. Tokea hapo mfugaji aliweza kumwachisha mtoto mapema, kumtia katika kundi kubwa, kumlaza mahali pabaya, naye mtoto hakufa. Si kwamba taabu yake ilikwisha. Ilifunikwa tu, kama mtu apakaye chokaa ukuta wenye ufa.

Nyumba nazo zikabadilika. Katika miaka ya 1970 wafugaji wengi wa Ulaya waliwaweka watoto katika vizimba vyenye sakafu ya waya, ili mavi na mkojo vipite chini, wala hapana haja ya majani makavu. Nyumba hizo zilikuwa na joto, na mtu mmoja aliweza kuhudumia watoto wengi. Walakini nguruwe ni mnyama wa kuchimbua. Mungu amempa pua ya kufukulia ardhi, na asipopata udongo wala majani, pua hiyo huutafuta mwili wa mwenziwe. Watoto walioachishwa mapema mno husugua matumbo ya wenzao kana kwamba watafuta chuchu ya mama, mpaka ngozi ikatoka vidonda. Na wakiisha kukua kidogo hutafunana mikia. Wafugaji wakaona dawa yake ni kuwakata mikia wangali wachanga. Hawakumpa mnyama kazi ya kinywa chake. Walimwondolea mwenziwe kile kilichotafunwa.

Watu wa mjini hawakuyajua mambo hayo, kwani nyama huwafikia imekwisha kukatwa. Mwaka 1964 Bibi Ruth Harrison wa Uingereza alipiga chapa kitabu kiitwacho Animal Machines, akaeleza jinsi ndama, kuku na wanyama wengine walivyofugwa kama vyombo vya kiwanda. Wasomaji walishtuka, na serikali ikaweka baraza chini ya Profesa Brambell lichungue habari hizo. Mwaka 1965 baraza lile lilitoa shauri kwamba kila mnyama wa kufugwa apate angaa nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyosha viungo vyake. Yaonekana ni machache sana. Hata hivyo wako wanyama wengi waliokuwa hawana hata hayo.

Lakini nchi iliyotufundisha zaidi habari za watoto walioachishwa ziwa ni Uswidi. Wakulima wa nchi ile waliona watu wameanza kuitilia shaka nyama yao kwa ajili ya dawa, na chama chao wenyewe kikaiomba serikali izuie. Mwaka 1986 Uswidi ikawa nchi ya kwanza kukataza antibiotiki zitiwazo katika chakula kwa ajili ya kukuza wanyama tu. Ng'ombe na kuku hawakupata shida kubwa. Lakini katika mabanda ya nguruwe ufa wa ukuta ulionekana mara: watoto walioachishwa ziwa waliharisha, wengi wakafa kuliko kwanza, na waliopona walichelewa kukua. Waganga wa wanyama ilibidi watoe dawa nyingi za kuponyesha.

Hapo palikuwa na njia panda. Ingaliwezekana kusema, "Sheria hii imeshindwa, turudi kwenye dawa." Waswidi hawakurudi. Walijiuliza, dawa ile ilikuwa ikifunika kitu gani? Wakaanza kutengeneza yale yaliyo chini yake. Waliongeza siku za kunyonya. Walipunguza ukali wa chakula cha siku za kwanza, utumbo usilemewe. Waliacha kuchanganya watoto wa umri mbalimbali. Kundi la umri mmoja liliingia pamoja na kutoka pamoja, kisha chumba kikaoshwa na kukauka kabla ya wengine kuingia. Tena waliwapa matandiko ya mabua makavu. Kwa muda wa miaka kadhaa haja ya dawa ikapungua tena.

Wakati huo huo Bibi Astrid Lindgren, mtungaji wa vitabu vya watoto anayejulikana ulimwenguni, aliandika magazetini tangu 1985 pamoja na mganga wa wanyama, Bibi Kristina Forslund, akiwatetea wanyama wa mashambani. Mwaka 1988 Uswidi ilitunga sheria mpya ya kuwalinda wanyama. Watu waliiita kwa jina la Bibi Lindgren, ijapokuwa mwenyewe hakuridhika nayo, akisema haina nguvu ya kutosha.

Katika nchi hiyo ulizuka mtindo mmoja unaostahili kuangaliwa. Majike kama 10 wanyonyeshao huwekwa pamoja na watoto wao katika chumba kipana chenye mabua mengi chini. Watoto huzoeana wangali wananyonya, kama walivyofanya wale wa Edinburgh. Siku ya kuachishwa ziwa ikifika, mama ndio waondokao, na watoto karibu 100 hubaki pale pale walipozoea, penye harufu ile ile, matandiko yale yale na wenzao wale wale. Kundi ni kubwa, lakini halina wageni. Mabua yale yaozapo chini hutoa joto, na ya juu huwa kitanda, tena huwa kazi ya kuchimbua kutwa.

Sasa msomaji aweza kuuliza: Je, kundi kubwa ni baya au ni jema? Zamani wengi walidhani kwamba kadiri nguruwe wanavyozidi, ndivyo vita vizidivyo. Wataalamu walipochungua waliona sivyo. Huko Uskoti, habari zilizotolewa mwaka 2001 zilionyesha kwamba nguruwe waliokaa katika makundi ya 80 walikuwa wapole kwa wageni kuliko wale waliokaa katika makundi ya 20. Norwe nako, mwaka 2004, Bibi Inger Lise Andersen na wenzake walilinganisha watoto walioachishwa ziwa katika makundi ya 6, ya 12 na ya 24, wakaona kwamba katika kundi kubwa kila mmoja alipigana mara chache zaidi. Maana yake ni hii: katika kundi dogo kila nguruwe aweza kumjua kila mwenziwe, na vita huleta faida, kwani mshindi hutawala chakula. Katika kundi kubwa hawezi kuwashinda wote, basi wengi huacha kushindana.

Nafasi nayo hubadilika. Sheria za Ulaya zataka mtoto mwenye uzito wa kilo 10 hata 20 apate mita mraba 0.20. Watoto 10 basi wana mita mraba 2, ambazo hazitoshi kutenga mahali pa kulala na mahali pa mavi. Watoto 100 kwa kipimo kile kile wana mita mraba 20, nao hujigawia wenyewe: hapa pa kulala, pale pa kula, kule pa uchafu. Aliyefukuzwa ana mahali pa kukimbilia.

Hata hivyo wahenga walisema, penye wengi pana mengi. Katika kundi la 100, mtoto mmoja dhaifu asiyekula huonekana kwa shida, na mchungaji mvivu atamwona amekwisha kufa. Mabakuli ya chakula yakiwekwa mahali pamoja tu, wenye nguvu huziba njia. Ugonjwa ukiingia huenea upesi. Na huko Saskatoon katika Kanada, mwaka 2008, nguruwe wakubwa kidogo waliokaa katika makundi ya 108 walionekana kuwa na taabu ya miguu kuliko waliokaa 18. Kwa hiyo wingi peke yake si ubaya wala si wema. Hali ya mtoto hutegemea umri aliotengwa, watu gani wamo kundini pamoja naye, alalia nini, na jicho la amtunzaye.

Nchi za Ulaya kwa pamoja zilitunga amri ya kwanza juu ya nguruwe mwaka 1991, zikaiongeza nguvu mwaka 2001. Amri hiyo yasema mtoto asiachishwe ziwa kabla ya siku 28, isipokuwa mama au mtoto apatapo madhara. Walakini yaruhusu siku 21 kama watoto watahamishiwa nyumba maalumu iliyosafishwa. Yasema pia kwamba nguruwe wapewe mabua, majani makavu, mbao au kitu cha namna hiyo cha kuchimbua. Kwamba kuchanganya watoto wasiojuana kufanywe mapema, ikiwezekana kabla ya kuachishwa ziwa au katika juma la kwanza baadaye. Na kwamba mikia isikatwe kwa desturi tu. Sheria ni njema, lakini kuandika si kutenda: katika nchi nyingi za Ulaya mikia iliendelea kukatwa miaka mingi baada ya amri.

Na vita vya dawa havikwisha. Denmark iliacha dawa za kukuzia nguruwe wakubwa mwaka 1998, na kwa watoto walioachishwa ziwa kufikia mwaka 2000. Ulaya yote ikafuata tarehe 1 Januari 2006. Wafugaji wengi wakakimbilia unga wa oksidi ya zinki, ambao huzuia kuhara kwa majuma mawili ya kwanza. Lakini zinki haiozi. Hutoka na mavi, ikarundikana katika mashamba, tena husaidia vijidudu sugu kuenea. Kwa hiyo nao ukakatazwa katika Ulaya tangu Juni 2022, na swali lile lile la Waswidi likarudi kwa wote: nini kimefunikwa?

Hapa ndipo tuonapo dhara lisilo na mpaka. Vijidudu vizoeapo dawa huacha kuiogopa. Mwaka 2015 wataalamu wa Uchina walitangaza kwamba wameona katika nguruwe, na katika wagonjwa wa hospitali pia, vijidudu vyenye uwezo wa kushinda kolistini, na uwezo huo hupita kutoka kijidudu hiki hata kile. Kolistini ni dawa ambayo waganga huiweka akiba kwa mgonjwa aliyeshindikana na nyingine, nayo huko ilikuwa ikitiwa katika chakula cha wanyama. Uchina iliikataza kwa kukuzia wanyama mwaka 2017. Lakini kijidudu hakiulizwi cheti mpakani. Taabu ya mtoto wa nguruwe aliyeharishwa kwa pupa ya wenye mali yaweza kumfikia mama aliyelazwa na homa katika nchi nyingine.

Haifai kuficha kwamba wema nao una gharama. Uswidi ilipoingia katika Umoja wa Ulaya mwaka 1995, nyama ya bei nafuu ilikuja kutoka nchi zenye sheria nyepesi, na wafugaji wengi wa Uswidi waliacha kazi. Mnunuzi aliyesifu sheria ile bungeni alikwenda dukani akachukua nyama ya bei ndogo. Basi mzigo wa kumtunza mnyama hauwezi kuwa wa mfugaji peke yake. Alaye naye ana sehemu yake.

Ndugu msomaji, wewe mwenye majike wawili au watatu hunazo nyumba za watoto 100, lakini mambo yaliyojifunzwa kwa gharama huko waweza kuyafuata bure. Usimwachishe mtoto mapema kwa tamaa ya mzao mwingine. Mzoeze chakula angali ananyonya. Siku ikifika, mwondoe mama, umwache mtoto mahali alipozoea, pamoja na ndugu zake. Mpe maji safi, matandiko makavu yenye kina, na mahali pasipopita upepo wa baridi. Ukinunua watoto wa mizao mbalimbali, watie pamoja mahali penye nafasi na majani mengi, na vyombo vya chakula viwe zaidi ya kimoja. Watazame asubuhi na jioni, ukimtafuta asiyekula. Na dawa iwe ya mgonjwa, kwa shauri la mganga wa wanyama; isiwe kitu cha kuficha ubovu wa banda.